Picha ya Parkinson haihesabu seli zilizokufa

“Picha imeonyesha kwamba asilimia 60 ya seli zako za dopamini zimekufa.” Sentensi ya namna hii huandikwa kwenye majibu ya kipimo cha ugonjwa wa Parkinson, mgonjwa na ndugu zake huisoma, na kuanzia siku hiyo huibeba kama hukumu. Nami nasema sentensi hiyo haina haki ya kuandikwa. Hakuna mashine inayohesabu seli za neva ndani ya ubongo wa mtu aliye hai. Hesabu hiyo hufanywa na mtaalamu wa patholojia, kwa hadubini, juu ya vipande vya ubongo wa marehemu. Kamera hupima kitu kilicho jirani na seli hizo, na ujirani huo una masharti yake.

Katika ubongo wa kati, kila upande, kuna ukanda mweusi uitwao substansia nigra. Weusi wake ni niuromelanini, rangi inayojikusanya ndani ya seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, kadiri umri unavyosonga. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff alieleza kuwa ukanda huo hufifia kwa wenye Parkinson. Mwaka 1960 Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz, huko Vienna, walipima dopamini katika sehemu nyingine, straiatamu, iliyo juu na mbele ya ukanda huo, wakakuta imepungua mno. Ni sehemu 2 tofauti, lakini seli ni zilezile. Mwili wa seli umekaa kwenye ukanda mweusi, na mkia wake mrefu husafiri hadi straiatamu, hasa kwenye kipande kiitwacho putameni, na huko hutawanyika kuwa matawi yasiyohesabika. Inakadiriwa kwamba seli moja ya binadamu hufikisha maungano milioni 1 au zaidi.

Ugonjwa hauli miili ya seli na matawi yake kwa kasi moja. Dalili za mwendo zinapojitokeza, makadirio mengi huweka upotevu wa miili ya seli kati ya theluthi na nusu, ilhali ncha za matawi yake kwenye putameni zimeshapungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2013 timu ya Jeffrey Kordower ilichunguza ubongo wa watu waliofariki miaka tofauti baada ya kutambuliwa na ugonjwa. Kufikia mwaka wa 4 au wa 5, nyuzi za dopamini katika putameni ya juu zilikuwa karibu kwisha kabisa, huku sehemu ya miili ya seli ikiwa bado ipo. Matawi yamekauka, shina lingali limesimama. Anayepiga picha ya matawi hawezi kusema mashina mangapi yameanguka.

Jambo hili limejaribiwa moja kwa moja. Kwa nyani waliopewa MPTP, sumu inayoua seli za dopamini, vipimo vya PET (picha za dawa yenye mionzi) vya straiatamu vilikwenda sambamba na idadi ya seli za nigra pale tu upotevu ulipokuwa chini ya takriban nusu. Baada ya hapo picha ilifika sakafuni, na seli zikaendelea kufa bila picha kubadilika. Kwa binadamu, watafiti wa Ufini walilinganisha picha za wagonjwa walipokuwa hai na hesabu ya seli baada ya kifo, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba picha ya kisafirishi cha dopamini haikutabiri idadi ya seli zilizobaki kwenye nigra. Matokeo hayo yalipaswa kubadilisha lugha ya majibu kila mahali. Bado asilimia za seli zilizokufa zinaandikwa.

Kipimo chenyewe ni kizuri, mradi kiulizwe swali lake. Kinachotumika zaidi ni SPECT (picha ya kamera ya gama inayozunguka kichwa) ya kisafirishi cha dopamini. Kisafirishi ni protini iliyo kwenye ncha za seli, na kazi yake ni kuirudisha dopamini ndani baada ya kumwagwa. Ioflupani yenye iodini-123 hujishikiza kwenye protini hiyo, na kamera ya gama husoma mionzi yake. Dawa hii iliidhinishwa Ulaya mwaka 2000 na Marekani mwaka 2011. Kwa mtu asiye na ugonjwa, picha huonyesha alama 2 za mkato zinazotazamana. Parkinson inapoanza, mkia wa mkato hukatika kwanza, kwa sababu putameni ya nyuma ndiyo inayotangulia kupoteza ncha. Kinachobaki ni kaudeti, kipande kingine cha straiatamu, duara kama nukta. Aghalabu upande mmoja huwa mbaya zaidi, nao ni ule ulio kinyume na mkono ulioathirika zaidi.

Utaratibu wake hauna mambo magumu, ila kila hatua ina mlango wa kosa. Angalau saa 1 kabla ya sindano, mgonjwa hupewa iodidi ya potasiamu au dawa nyingine ya kuikinga tezi ya thairoidi isifyonze iodini yenye mionzi. Hapo ndipo huchomwa ioflupani ya megabekereli 111 hadi 185 kwenye mshipa, polepole, si chini ya sekunde 15 hadi 20. Husubiri saa 3 hadi 6. Asiletwe mezani mapema kwa sababu foleni ni fupi siku hiyo: dawa inahitaji muda wa kutulia kwenye straiatamu na kuondoka kwenye sehemu nyingine za ubongo. Akienda haja ndogo kabla ya kulala mezani, picha haitakatizwa katikati. Kamera huzunguka digrii 360 ikichukua mikao takriban 120 kwa dakika 30 hadi 45, vichwa vyake vikiwa sentimita 11 hadi 15 tu kutoka katikati ya mzunguko. Kila sentimita inayoongezeka huila picha. Mabega mapana au kiti cha kichwa kisichofaa humfanya fundi aisogeze kamera mbali, na putameni, yenye upana wa kama sentimita 1, huyeyuka ndani ya ukungu wa mashine ambayo uwezo wake wa kutenganisha vitu ni milimita 8 hadi 10. Jumla ya hesabu za mionzi isipungue milioni 1.5.

Kisha kuna kichwa kilicholala upande. Shingo za wagonjwa wengi wa Parkinson zimekakamaa na kichwa hakinyooki mezani. Kipande cha picha kikikatwa bila kukinyoosha kichwa kwenye kompyuta, upande mmoja huonyesha putameni na wa pili huonyesha kitu kilicho juu yake, na msomaji ataandika kwamba pande 2 hazilingani. Kosa hili hurekebishwa kwa dakika chache za kupanga upya picha kabla ya kusoma. Lingine ni rangi. Programu nyingi hupima rangi kwa kulinganisha na nukta inayong'aa zaidi katika picha hiyohiyo. Straiatamu zote 2 zikiwa zimefifia sawasawa, programu huziinua na picha huonekana ya kuridhisha. Anayejua kazi hutazama mandharinyuma kwanza: ubongo mwingine unapong'aa kuliko kawaida, straiatamu ndiyo iliyoshuka.

Namba nazo zina udhaifu wake. Uwiano unaotumika hupatikana kwa kuchukua hesabu za straiatamu, kutoa hesabu za eneo la kulinganishia, kwa kawaida kisogoni, kisha kugawanya kwa hesabu za eneo hilohilo. Tuseme putameni ina 30 na kisogo kina 10. Uwiano ni 2. Sasa mchoraji ateleze kidogo, duara lake la kisogoni lichukue na maji yanayozunguka ubongo uliosinyaa, kisogo kisome 8. Uwiano unakuwa 2.75. Mgonjwa ni yuleyule, siku ni ileile, na kipimo kimepanda kwa zaidi ya theluthi kwa sababu ya duara moja lililochorwa vibaya. Ndiyo maana uwiano usiolinganishwa na watu wa umri huo, waliopigwa kwa kamera ya aina hiyo na kuchakatwa kwa njia hiyo, ni namba tupu. Umri pekee huondoa takriban asilimia 5 kila miaka 10 kwa mtu mwenye afya.

Dawa anazotumia mgonjwa ziulizwe siku ya kupanga miadi, si akiwa tayari amelala mezani. Kokeini, amfetamini, methilfenideti na bupropioni hukaa kwenye kisafirishi hichohicho na kuifanya picha ifanane na ugonjwa. Kwa kawaida methilfenideti husimamishwa siku 2, bupropioni siku 8, kwa ruhusa ya daktari aliyeiandika, maana kumwachisha mtu dawa ya sonona kwa ajili ya picha ni uamuzi mzito. Dawa za sonona za kundi la serotonini hupandisha uwiano kidogo na mara nyingi huachwa ziendelee, mradi msomaji aambiwe. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, haina haja ya kusimamishwa. Hili lisisitizwe, kwa kuwa kuna wagonjwa wanaoachishwa levodopa bure na kufika kituoni wakiwa hawawezi hata kugeuka.

Palipo mbali na mitambo inayotengeneza iodini-123, dawa nyingine ya mionzi, TRODAT-1 yenye teknetiamu-99m, hufanya kazi iyo hiyo. Teknetiamu hukamuliwa kwenye jenereta ya dawa za mionzi, si ya umeme, iliyopo karibu kila idara ya tiba ya nyuklia. Tofauti kati ya straiatamu na mandharinyuma ni ndogo kuliko ya ioflupani, hivyo uangalifu wote nilioueleza hapo juu unahitajika mara mbili.

Basi kipimo hiki kinajibu nini? Kinajibu kama ncha za dopamini zimepungua au la. Mtu mwenye ule mtetemeko wa mikono unaotokea akiwa ameshika kikombe, ambao mara nyingi huenda na ukoo na si Parkinson, atakuwa na picha ya kawaida. Vivyo hivyo aliyekakamaa kwa sababu ya dawa za magonjwa ya akili au dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi, isipokuwa kama dawa ziliufichua ugonjwa uliokuwa unakuja. Katika kutenganisha usahaulifu wa miili ya Lewy na ule wa Alzheimer, picha husaidia sana. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2015 vinasema kwamba picha ya kawaida, pale ilipofanywa, huuondoa ugonjwa wa Parkinson kwenye orodha.

Kutofautisha Parkinson na ndugu zake, yaani kudhoofika kwa mifumo mingi ya ubongo na ule ugonjwa wa kupooza macho unaozidi taratibu, kipimo hakiwezi. Wote hao hupoteza ncha zilezile, na picha hutoka zilezile. Kiharusi kidogo kilichotua ndani ya putameni nacho hutoboa picha, kwa hiyo CT au MRI ya kawaida itangulie.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni ugonjwa wa nadra wa misuli kujikunja unaotulizwa na levodopa, unaotokana na hitilafu ya jeni ya GCH1. Mgonjwa anaweza kuonekana kama mwenye Parkinson kamili. Dopamini haitengenezwi ya kutosha, lakini seli zipo na ncha zipo, na picha ya kisafirishi ni ya kawaida. Dopamini kukosekana ni jambo moja, seli kufa ni jingine.

Lililo gumu zaidi ni kutumia picha kupima kama dawa inazuia seli kufa. Hapa historia imetoa onyo ambalo bado halijasikika vya kutosha. Jaribio la ELLDOPA, lililochapishwa mwaka 2004, liligawa wagonjwa 361 wapya katika makundi ya levodopa ya miligramu 150, 300 au 600 kwa siku, na kundi la dawa bandia. Baada ya wiki 40 za dawa na wiki 2 za kuiacha, waliotumia levodopa walikuwa na hali nzuri kuliko waliopewa dawa bandia, na waliotumia dozi kubwa walikuwa na hali nzuri zaidi. Picha za kisafirishi zikasema kinyume: kushuka kwa asilimia 7.2 kwa dozi kubwa, asilimia 1.4 kwa dawa bandia. Mwili unasema dawa inafaa, picha inasema inaua. Baadhi ya wagonjwa na madaktari waliingiwa na hofu ya levodopa, na hofu hiyo iliwachelewesha watu kupata nafuu. Maelezo yenye uzito zaidi ni kwamba dawa inaweza kubadilisha idadi ya visafirishi kwenye ncha bila ncha yenyewe kufa. Mwaka 2019 jaribio la LEAP, lenye wagonjwa 445, lilionyesha kuwa kuanza levodopa wiki 40 mapema hakukuleta tofauti kufikia wiki ya 80, si ya kuharibu wala ya kuponya. Kilichokosewa kilikuwa tafsiri ya picha.

ELLDOPA hiyohiyo ilifichua jingine. Kati ya watu 142 waliopigwa picha mwanzoni, 21 hawakuwa na upungufu wowote, ingawa mabingwa wa magonjwa ya neva walikuwa wamewatambua kuwa na Parkinson. Wengi wa watu wa aina hii, walipofuatiliwa katika tafiti mbalimbali, walibaki na picha za kawaida. Walikuwa na kitu kingine. Kwangu hii ndiyo kazi bora ya kipimo: kuwaondoa wasiohusika kabla ya kuwapa dawa za miaka mingi au kuwaingiza kwenye jaribio.

Upande wa pili, yaani picha kupanda bila mgonjwa kupata nafuu, una mfano wake. Majaribio 2 ya kupandikiza seli za vijusi, yaliyochapishwa 2001 na 2003, yalionyesha kwa PET ya fluorodopa kwamba seli zilishika na kufanya kazi. Malengo makuu ya nafuu hayakufikiwa, na baadhi ya wagonjwa walipata mijongeo isiyozuilika. Mwaka 2025 timu 2 zilitoa matokeo ya mwanzo ya seli shina, moja ya wagonjwa 12, nyingine ya Kyoto ya wagonjwa 7, na picha za fluorodopa zimepanda. Ni habari ya kutia moyo, na nasema hivyo kwa dhati. Ila kupanda kwa picha kunathibitisha kuwa kipandikizi kiko hai, basi. Nafuu ya mgonjwa itathibitishwa na jaribio lenye kundi la kulinganisha.

Fluorodopa, iliyotumika kwa mara ya kwanza kuonyesha dopamini katika ubongo wa binadamu mwaka 1983, hupima kimeng'enya kinachogeuza dopa kuwa dopamini. Ncha zilizobaki hukiongeza kimeng'enya hicho ili kufidia wenzao, hivyo picha huonekana nzuri kuliko hali halisi. Kisafirishi hufanya kinyume: ncha hukipunguza ili dopamini chache ikae nje muda mrefu, na picha huonekana mbaya kuliko hali halisi. Kipimo cha tatu, cha protini ya VMAT2 inayopakia dopamini kwenye vifuko, hakiyumbi sana. Mgonjwa mmoja, siku moja, dawa 3 za mionzi, majibu 3. Hapo anayetaka kuandika asilimia ya seli zilizokufa atachagua lipi?

MRI ndiyo inayokaribia zaidi miili ya seli. Mwaka 2006 timu ya Makoto Sasaki huko Japani ilionyesha kuwa mashine ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) inaweza kuuona ukanda wa niuromelanini uking'aa, na kufifia kwa wagonjwa. Hakuna mionzi wala sindano. Huhitaji dakika kama 10 za kutulia kabisa, vipande vya milimita 2 hadi 3 vilivyopangwa kwa usahihi kwenye ubongo wa kati, na programu ya kupimia, kwa kuwa jicho tupu hukosea. Kasoro yake iko kwenye rangi yenyewe: huongezeka kwa miaka mingi ya utu uzima, kwa hiyo kijana mwenye seli zote anaweza kung'aa kidogo kuliko mzee aliyepoteza baadhi. Tena seli ikifa, rangi yake hubaki nje kwa muda kabla ya kusombwa.

Ishara nyingine ni mkia wa mbayuwayu, iliyoelezwa mwaka 2014. Kwenye MRI inayoonyesha chuma, doa jeupe ndani ya nigra huchora umbo la mkia wa ndege huyo, na kwa mwenye Parkinson doa hupotea. Kwenye Tesla 1.5 usiiamini. Kwenye Tesla 3, pembe ikikosewa kidogo au mgonjwa akitikisa kichwa, mkia hupotea hata kwa mzima. Ultrasaundi ya kupitia fupa la kando ya kichwa ni rahisi, lakini mng'ao wake wa nigra haubadiliki ugonjwa unapoendelea, huonekana kwa takriban mtu 1 kati ya 10 wenye afya, na kwa wengine fupa halipitishi mawimbi kabisa.

Kwa hiyo mgonjwa mwenye mwendo mzito, mkono mmoja unaotetemeka ukiwa umetulia, na nafuu ya wazi kwa levodopa, hahitaji picha ya kisafirishi. Ataingiziwa mionzi ya takriban milisiverti 4 ili aambiwe anachojulikana kuwa nacho. Anayeihitaji ni yule ambaye jibu litabadilisha dawa yake. Wala asirudishwe kila mwaka kuangalia ugonjwa umefika wapi: uwiano hushuka takriban asilimia 5 hadi 10 kwa mwaka katika miaka ya mwanzo, na kipimo kikirudiwa kwa mtu yuleyule bila ugonjwa kusogea kinaweza kutofautiana kwa kiasi kinachokaribia hicho.

Majibu yaandikwe hivi: dawa ya mionzi na kiasi chake, saa zilizopita kati ya sindano na picha, dawa anazotumia mgonjwa, kama kichwa kilitulia, umbo la kaudeti na putameni kila upande, uwiano ukiwa na kiwango cha umri wake. Kisha hitimisho la mstari mmoja: “Ncha za dopamini kwenye putameni zimepungua, kulia zaidi ya kushoto, picha haitofautishi Parkinson na magonjwa yanayofanana nayo.” Neno “seli zilizokufa” lisiwemo.

Na wale waliopigwa picha wakiwa hai, kisha wakakubali ubongo wao uchunguzwe baada ya kifo, bado ni wachache mno. Ni kwenye vipande vya ubongo wao tu ndipo namba ya kamera inapoweza kuwekwa kando ya hesabu ya seli.